Sura ya Saba: Wakili Aje Kabla ya Fedha

Mwaka 2017 alama nyekundu ya X ilianza kuonekana kwenye kuta za nyumba kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, ikapita Mbezi na Kibamba mpaka Kiluvya, mpakani mwa Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani. Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS, ulikuwa ukisafisha hifadhi ya barabara ili kupisha upanuzi wa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, urefu wa kilomita 19.2. Baada ya alama yakaja matingatinga. Nyumba za kuishi zikaanguka, maduka yakaanguka, watu wakabaki wamekaa juu ya vifusi na makochi yao. Wengi wao hawakuwa watu wa kuvamia usiku. Walikuwa wamenunua mchana, wakaandikiana mbele ya mashahidi, wakaunganishiwa umeme na maji na mashirika ya serikali yenyewe.

Kilichowaponza ni namba moja: mita 121.5. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inajulikana zaidi kwa hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu, na hata madalali wanaikariri. Lakini kipande hiki cha Barabara ya Morogoro kina hifadhi pana zaidi, iliyowekwa tangu zamani: mita 121.5 kila upande. Mtu aliyepima mita 30 kwa hatua zake, kisha akaongeza nyingine 30 kwa tahadhari, alikuwa bado amesimama barabarani.

Taarifa hiyo haikuwa siri. Ilikuwa kwenye kumbukumbu za serikali, ikisubiri mtu wa kuiuliza kabla mnunuzi hajahesabu fedha. Kuuliza huko, kwa niaba ya mnunuzi na si ya muuzaji wala dalali, ndiyo kazi ya wakili wa ardhi. Watu wanaonunua Kibaha na Kisarawe wanamhitaji sana mtu huyu, tena mapema kuliko wanavyozoea kumwita.

Jiji la Dar es Salaam limejaa, na wakazi wake wanaohamia Kibaha na Kisarawe wanatoka nje kwa njia kuu mbili. Kuna wanaofuata Barabara ya Morogoro hadi Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, takribani kilomita 40 kutoka katikati ya jiji: Maili Moja, Picha ya Ndege, Mkuza, Visiga, Viziwaziwa, halafu Mlandizi na Kwala. Na kuna wanaopita Gongo la Mboto na Pugu kupanda Kisarawe, wakaendelea hadi Masaki, Msimbu na Maneromango. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilihamia Mbezi Luis mwaka 2021. Mradi wa maji wa Kibamba hadi Kisarawe ulizinduliwa mwaka 2020. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikiwa na vituo Pugu, Soga na Ruvu, na mwaka 2025 bandari kavu ya Kwala ikazinduliwa. Kila tangazo la namna hiyo linapandisha bei ya shamba la mikorosho ambalo mwaka uliotangulia halikuwa na mteja.

Bei ikipanda, haraka nayo huongezeka. Mauziano ya kawaida katika maeneo haya huenda hivi. Dalali anampokea mteja stendi, wanapanda bodaboda hadi eneo lenyewe. Muuzaji anaonyesha mipaka: mwembe ule, mnazi huu, na kile kichuguu kule chini. Jirani mmoja anaitwa, anatikisa kichwa kukubali. Mteja anaambiwa kuna mwingine anakuja jioni na fedha taslimu. Basi wanashuka hadi ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji, ambako karatasi ya mauziano imeshachapwa, imeachwa nafasi za majina na kiasi tu. Mwenyekiti anagonga muhuri, anachukua asilimia yake, ambayo kwa mazoea ya maeneo mengi ni 10. Fedha zinahesabiwa mezani. Akiwemo mtu mwangalifu kwenye kundi, ndiye atakayesema: “Jamani, tupite kwa wakili akatugongee muhuri.”

Wakili anayeitwa saa hiyo hawezi tena kumsaidia mnunuzi. Anachokifanya wakati huo ni kazi ya kamishna wa viapo: kuthibitisha kwamba watu hawa wametia saini mbele yake na kwamba anawafahamu au wametambulishwa kwake. Muhuri wake hausemi kwamba muuzaji ndiye mwenye ardhi. Hausemi kwamba eneo halijauzwa kwa mwingine mwezi uliopita, wala kwamba halimo ndani ya msitu wa hifadhi. Mnunuzi anaondoka na karatasi nzuri yenye rangi nyekundu na bluu, akiamini amekaguliwa, kumbe hakuna aliyekagua chochote.

Ile asilimia ya mwenyekiti nayo inampumbaza mnunuzi kwa namna hiyo hiyo. Sheria mbili kubwa za ardhi za mwaka 1999, yaani Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, hazina kifungu kinachompa mwenyekiti sehemu ya bei. Mtu anayelipa kiasi kikubwa namna hiyo hudhani amenunua ulinzi wa serikali. Alichonunua ni shahidi mmoja, ambaye uchaguzi ukija huenda asiwe tena ofisini.

Sheria ya Ardhi yenyewe ni kali kwa mnunuzi asiyeuliza. Inamhesabu kuwa anajua mambo anayoyajua kweli, na pia yale ambayo angeyajua kama angefanya uchunguzi unaostahili. Kwa hiyo kusema “sikujua” hakumsaidii aliyekuwa na njia ya kujua. Mahakama zinamlinda mnunuzi wa nia njema, lakini nia njema hiyo hupimwa kwa hatua alizochukua kabla ya kulipa. Aliyetafuta kumbukumbu, akawauliza majirani wote na kuhifadhi majibu kwa maandishi, ana kitu cha kuonyesha. Aliyeamini uso wa muuzaji hana.

Swali la kwanza ambalo wakili mzuri huliuliza ni moja: hii ni ardhi ya aina gani? Wanunuzi wengi hawalijui kabisa. Ardhi yote Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi, na imegawanywa katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Kibaha mjini, sehemu kubwa ya viwanja vilivyopimwa iko kwenye ardhi ya jumla, na mwenye kiwanja hupewa hati ya kumiliki ardhi ya miaka 33, 66 au 99. Ukitoka mjini kuelekea vijiji vya Kibaha, na karibu Kisarawe nzima ya ndani, unaingia kwenye ardhi ya vijiji, ambayo ina utaratibu wake na hati yake, hatimiliki ya kimila.

Kwenye ardhi ya kijiji, idhini ya mauziano hutolewa na halmashauri ya kijiji. Chombo hicho kwa sheria kina wajumbe kati ya 15 na 25, na uamuzi wake hufanyika kwenye kikao chenye muhtasari. Muhuri wa mwenyekiti peke yake si kikao. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua tangu mwaka 1985 kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Ni zaidi ya miaka 40 sasa, na msimamo huo umerudiwa katika kesi za baadaye, lakini hadi leo kuna watu wanaonunua ekari tano Maneromango kwa karatasi iliyosainiwa na mwenyekiti na mtendaji wake, bila muhtasari wowote. Wakili angeomba nakala ya muhtasari, angehesabu majina, angesoma kama kiwanja kinachotajwa ndicho hiki, na kama akidi ilitimia. Ni kazi ya asubuhi moja. Kukosa kuifanya kunaweza kumgharimu mnunuzi shamba zima, hata kama muuzaji alikuwa mkweli na mwenyekiti hakuwa na hila yoyote.

Nchi jirani ya Kenya ina mtego unaofanana na huu: mauziano ya ardhi ya kilimo bila ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi hayana nguvu kisheria. Tofauti ni kwamba Mkenya anayenunua amezoea kuwa na wakili wake tangu mwanzo, na muuzaji naye wa kwake. Pwani yetu desturi hiyo bado ni changa.

Fungu la tatu, ardhi ya hifadhi, ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu halina nusu hasara. Kati ya Pugu na Kisarawe ipo misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya kale ya pwani, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kwa miaka mingi watu wamekata vipande ndani ya mipaka ya Kazimzumbwi na kuviuza, na kwa miaka mingi serikali imekuwa ikiwaondoa waliojenga humo. Mnunuzi aliyeoneshwa eneo lenye mihogo na kibanda hakuona msitu, kwa hiyo hakufikiria hifadhi. Ila mpaka wa hifadhi unafuata ramani iliyotangazwa kwenye Gazeti la Serikali, uwe na miti au usiwe nayo. Kibaha nako kuna mgogoro wa muda mrefu kuhusu shamba la serikali la mitamba katika kata ya Pangani, ambako watu waliouziana viwanja walijikuta wakivutana na wizara. Wakili akishirikiana na mpimaji mwenye leseni huchukua majira ya kona za kiwanja na kuyalinganisha na ramani za upimaji, za mipango miji, za misitu na za barabara. Dalali hawezi kufanya hivyo, na muuzaji hana sababu ya kufanya hivyo.

Kisarawe ina historia nyingine inayofaa kusimuliwa kwa kituo, ingawa haihusu mnunuzi wa kiwanja bali wale waliotoa ardhi. Kampuni ya Kiingereza ya Sun Biofuels ilikuja kutafuta mashamba ya mbono kaburi, mmea uliokuwa ukisifiwa wakati huo kuwa ungetoa mafuta ya kuendeshea magari. Vijiji 11 vikaachia ardhi, Mtamba, Muhaga, Marumbo na Mzenga A vikiwemo, na mwaka 2009 kampuni ikapata hati ya hekta 8,211 kwa miaka 99. Wanakijiji waliahidiwa ajira, visima, barabara, zahanati. Mwaka 2011 kampuni ikasimamisha shughuli na kuuzwa kwa mwekezaji mwingine. Ajira zikaisha. Wanakijiji wakadhani basi, ardhi inarudi.

Haikurudi. Ili mwekezaji wa nje apewe hati, ardhi ya kijiji ililazimika kwanza kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, na ikishahamishwa hairudi kijijini kwa sababu tu mwekezaji ameondoka. Jambo hilo limo ndani ya sheria, kwa maneno yaliyo wazi kwa mtu aliyezoea kuisoma. Ahadi za visima na zahanati zilitolewa mikutanoni kwa mdomo, na ahadi ya mdomo ni ngumu sana kudaiwa kwa mmiliki mpya. Mwanasheria aliyekaa upande wa vijiji angewaeleza mambo haya mawili kabla ya mikono kunyoshwa: ardhi ikiondoka imeondoka, na ahadi isiyoandikwa ndani ya mkataba itakufa na kampuni. Mnunuzi mmoja mmoja wa Kisarawe ana la kujifunza hapo, kwa kuwa naye huahidiwa barabara ya mita sita, nguzo za umeme na hati ndani ya miezi mitatu, na mara nyingi hakuna hata moja kati ya hayo linaloandikwa.

Tukirudi kwa kiwanja chenye hati, mambo ni mepesi kidogo, si sana. Hatua ya kwanza ni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Kwa ada ndogo ya serikali, majibu yanaonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio lililowekwa na mtu mwingine anayedai haki. Hati iliyo mkononi mwa muuzaji inaweza kuwa ya kweli na bado jina limebadilika kwenye daftari, au ikawa nakala ya bandia iliyotengenezwa vizuri. Daftari ndilo linaloaminiwa. Kisha kuna masharti ya hati yenyewe: matumizi yaliyoruhusiwa, muda wa kuendeleza kiwanja, kodi ya pango la ardhi inayodaiwa. Malimbikizo ya pango ya miaka kumi yanaweza kumwangukia mmiliki mpya akiwa hata hajachimba msingi.

Halafu kuna watu wasioonekana kwenye karatasi. Mke ni wa kwanza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi nayo inatambua haki ya mwanandoa aliyetia nguvu zake kuendeleza ardhi iliyosajiliwa kwa jina la mwenziwe. Nyumba ya Tumbi iliyouzwa na baba mwenye nyumba huku mama akiwa msibani Iringa ni kesi inayosubiri kufunguliwa. Wakili hudai ridhaa ya maandishi, au kiapo cha kwamba muuzaji hana mwenza, na huwauliza majirani, kwa kuwa kiapo nacho kinaweza kuwa cha uongo.

Wa pili ni marehemu. Mashamba mengi ya Wazaramo na Wakwere wa maeneo haya yalikuwa ya babu, na babu alifariki bila mirathi kufunguliwa. Anayeuza ni mjukuu mmoja anayeishi jirani. Wajukuu wengine wako Mbagala, Tanga, Afrika Kusini. Mjukuu huyo anaweza kuwa mkweli kabisa moyoni mwake na bado hana mamlaka ya kuuza. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wengine wanapaswa kujua kinachouzwa na fedha zinakokwenda. Ndiyo maana wakili huomba barua ya usimamizi yenye muhuri wa mahakama, muhtasari wa kikao cha ukoo, na ikibidi saini za warithi wote watu wazima. Familia nyingi huona usumbufu. Lakini warithi wanane waliokubaliana kwa saini leo ni salama kuliko mrithi wa tisa anayerudi baada ya nyumba kufika kwenye lenta.

Wa tatu ni yule aliye nje ya nchi ambaye amemwachia ndugu hati ya uwakilishi. Hapo maswali ni mafupi: hati hiyo inaruhusu kuuza au kusimamia tu? Imesajiliwa? Aliyeitoa bado yu hai? Mamlaka ya namna hiyo kwa kawaida hukoma siku aliyeitoa anapofariki.

Miaka ya karibuni limeongezeka soko jingine, la kampuni zinazonunua mashamba makubwa Kibaha na Kisarawe, kuyakata viwanja na kuviuza kwa mita ya mraba, kwa malipo ya kidogo kidogo. Zipo zinazofanya kazi safi na zimewapa vijana wengi njia ya kumiliki ardhi ambayo mshahara wao usingewafikisha kwa mkupuo. Lakini anayelipa kila mwezi kwa mwaka mzima anakopesha, na mkopeshaji lazima ajue anachokidai. Je, shamba mama liko kwa jina la kampuni, au bado liko kwa mzee aliyelipwa nusu? Ramani ya mipango miji imeidhinishwa, au ni mchoro wa kampuni? Bikoni zilizosimikwa zina namba zilizosajiliwa? Mteja akichelewa miezi miwili, analipa faini au anapoteza vyote? Na kampuni ikichelewesha hati, yenyewe inalipa nini? Mikataba mingi ya aina hii imeandikwa na wanasheria wa kampuni, na kwa kawaida maswali mawili ya mwisho hujibiwa kwa upande mmoja tu. Mteja aliyepeleka rasimu kwa wakili wake mwenyewe kabla ya kusaini ana nafasi ya kurekebisha kifungu. Baada ya kusaini, nafasi hiyo haipo.

Fedha nazo zina utaratibu. Bei isilipwe yote siku ya saini. Wakili huandika malipo kwa awamu zinazofuata matukio: sehemu siku ya mkataba, sehemu kibali cha uhamisho kinapotoka, na salio fomu za uhamisho zikishasainiwa na hati kukabidhiwa. Zipite benki ili ziache ushahidi. Kodi zitajwe kwa jina: nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida na kisheria ni mzigo wa muuzaji, na nani analipa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya thamani. Wauzaji wengi hutamka bei “mkononi”, maana yake kodi zote zimhamie mnunuzi, na mnunuzi hulijua hilo akiwa tayari kwenye dirisha la Mamlaka ya Mapato, TRA. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi hadi ushuru na adhabu yake vilipwe. Karatasi nyingi za mauziano zilizofungiwa kwenye masanduku ya watu Kibaha hazijawahi kulipiwa.

Kuna hoja inayotolewa dhidi ya haya yote, nayo ni ya haki: wakili ni ghali, na kiwanja chenyewe ni cha shilingi milioni tatu. Malipo ya mawakili yanaongozwa na amri ya mwaka 2015, lakini kwa kazi za namna hii mteja na wakili huzungumza, na kazi inaweza kukatwa vipande: upekuzi peke yake, au kusoma mkataba peke yake. Kiasi ambacho wengi humlipa mwenyekiti kwa mazoea tu kinaweza kutosha kwa upekuzi na ushauri. Asiye na uwezo kabisa ana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayotambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria katika wilaya. Watu hawa hujibu maswali ya ardhi kila siku.

Gharama ya upande wa pili, ya kununua bila wakili, haionekani haraka. Mgogoro ukizuka, tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua nani ana haki ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha ndani ya siku 30, na usuluhishi usipofaulu ndipo shauri linapelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani. Mbele ya Baraza la Kata wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu. Kwa hiyo katika hatua ile ya kwanza kabisa mnunuzi anasimama peke yake na karatasi zake, na kama karatasi hizo zilitayarishwa na mtu anayejua, zitamsemea. Kuna kesi za ardhi nchini zilizochukua zaidi ya miaka kumi kutoka barazani hadi Rufani. Muda wote huo ujenzi umesimama, nondo zinakula kutu, na kodi ya nyumba ya kupanga inaendelea kulipwa.

Muda una makali yake mengine pia. Sheria ya Ukomo wa Madai inatoa miaka 12 ya kudai ardhi. Mfanyakazi wa Dar es Salaam anayenunua ekari moja Vihingo, akaiacha bila uangalizi akisubiri kustaafu, anaweza kurudi na kukuta mtu amelima humo kwa muda mrefu kiasi cha kufungiwa mlango wa mahakama. Wakili mzuri hulisema hili siku ya kukabidhi hati, na humshauri mteja aweke mipaka, apande miti, na amwachie msimamizi kwa maandishi.

Si kila anayejiita wakili ni wakili. Vishoka wapo, wenye ofisi karibu na mahakama na stendi, wenye mihuri iliyochongwa, na wanatoza nusu bei. Sheria ya Mawakili inakataza mtu asiye na sifa kuandaa nyaraka za ardhi kwa malipo, na inataka waraka uwe na jina na anwani ya aliyeuandaa. Karatasi isiyosema nani aliiandika inapaswa kumshtua mnunuzi papo hapo. Jina la wakili linaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa Mahakama ya Tanzania unaoorodhesha mawakili na kuonyesha kama leseni ya mwaka huu imehuishwa, au kuulizwa Chama cha Mawakili wa Tanganyika. Na wakili huyo asiwe yule aliyeletwa na dalali. Mtu anayelipwa ili mauziano yatimie hawezi kuwa ndiye anayemshauri mnunuzi aondoke.

Kwa anayepanga kwenda Jumamosi hii kuoneshwa eneo, iwe Viziwaziwa, Soga au Msimbu: nenda, tazama, penda kama ni pa kupendeka. Omba nakala ya hati au ya muhtasari wa kijiji, piga picha za mipaka, andika majina ya majirani wa pande zote nne. Kisha rudi nyumbani na fedha yako yote, hata ya kishika nafasi, na Jumatatu umpelekee wakili wako karatasi hizo.